Uvundo wa bafuni hauondoki kwa sabuni

Bafu limehama kutoka uani likaingia ndani ya nyumba, ila jua na upepo vilivyokuwa vikilikausha vimebaki nje. Anayelaumiwa kwa harufu ni mwenye kulisafisha, wakati kosa limo ukutani, dirishani na chini ya sakafu.

Masika yakishakolea Masanze, wilayani Kilosa, kuna nyumba ambazo mgeni hahitaji kuonyeshwa bafu lilipo. Pua itamfikisha. Nyumba yenyewe ni ya kupendeza: tofali za kuchoma, bati la rangi, kibaraza kilichopigwa saruji. Ndani, mwisho wa korido, kuna chumba cha mita 1.2 kwa mita 1.8, sinki la kuchuchumaa upande mmoja na ndoo ya lita 20 upande wa pili. Vigae vimepanda hadi usawa wa kifua. Juu ya vigae, pale rangi inapoanzia, yamejitokeza madoa meusi, madogo kama punje za ulezi, yamesongamana konani na kuufuata mstari wa dari. Dirisha lipo, la futi mbili kwa mbili, lakini kioo chake ni cha kusukuma, kwa hiyo nusu haifunguki kabisa na nusu ya pili hufungwa jioni kwa ajili ya mbu. Taulo liko msumarini, bichi tangu jana. Nyuma ya mlango kuna kibakuli cha mkaa na chetezo chenye majivu ya udi.

Kila kitu katika chumba hicho kinaonyesha kwamba kuna mtu anayehangaika. Sakafu imesuguliwa, sinki ni jeupe, na harufu ya dawa ya chooni inasikika kwa nusu saa hivi kabla uvundo haujarudi. Hata hivyo, katika mazungumzo ya mtaani, bafu linalonuka ni aibu ya anayelisafisha. Mwenye nyumba humwambia mpangaji kuwa ni mchafu. Wakwe humtazama mke kwa jicho la pembeni. Makala haya yanapinga hukumu hiyo. Uvundo wa bafu dogo, kwa sehemu kubwa, ni suala la ujenzi: hewa inapita wapi, na maji yanaishia wapi. Sabuni ina kazi yake, ila haijawahi kumsaidia mtu kutoboa ukuta.

Kutoka uani hadi korido

Nyumba ya Kiswahili ya zamani, ile ya vyumba viwili viwili vinavyotazamana na korido katikati, iliweka choo na bafu uani. Vijijini bafu lilikuwa ni uzio tu wa mabua, makuti au mabati, bila paa. Aliyeoga alitazamana na mbingu. Alisimama juu ya mawe au kipande cha zege, maji yakaelekea kwenye migomba, na kufikia saa nne asubuhi jua lilikuwa limekwisha kukausha kila kitu. Wazee husema kwamba enzi zao mabafu hayakunuka kwa sababu watu walikuwa wasafi. Huenda walikuwa wasafi kweli, lakini sifa hiyo wangeigawa na jua. Bafu lisilo na paa hukauka hata kama aliyeoga hakugusa fagio.

Choo cha shimo nacho kilipewa akili ya upepo. Miaka ya 1970, nchini Zimbabwe ya leo, mtafiti Peter Morgan na wenzake wa Maabara ya Blair walibuni choo chenye bomba refu la hewa lenye wavu juu yake. Upepo ukipita juu ya mdomo wa bomba huvuta hewa kutoka shimoni. Hewa mpya huingia kupitia kibanda, hushuka kwenye tundu na kupanda bombani. Harufu haipandi kwa mtumiaji, na nzi wanaofuata mwanga juu ya bomba hunaswa na wavu. Muundo huo umeenea Afrika nzima, na ukipita vijijini Kilosa utayaona mabomba yake yakichungulia juu ya mapaa.

Kampeni zetu za afya zilisukuma jambo moja kubwa: kila kaya iwe na choo. Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifikia watu wapatao milioni mbili kupitia vikundi vya kusikiliza redio, na Nyumba ni Choo, iliyozinduliwa mwaka 2017, iliturudisha kwenye somo hilo hilo. Somo lilikuwa sahihi, na limeokoa maisha. Ila familia iliyopiga hatua ya pili, ya kuingiza choo na bafu chini ya paa moja na vyumba vya kulala, haikupata kampeni. Ilipata fundi mwenye ramani aliyoiona mjini. Katika ramani hiyo sebule hupewa madirisha makubwa, chumba cha masta hupewa nafasi, na bafu hupewa kona iliyobaki, kama stoo.

> Bafu lisilo na paa hukauka hata kama aliyeoga hakugusa fagio.

Vijiko viwili vya maji

Tufanye hesabu, kwa sababu hapa ndipo lawama ya uchafu inapokosa mguu. Chumba cha mita 1.2 kwa 1.8, chenye kimo cha mita 2.7, kina hewa ya ujazo usiofika mita sita. Kwenye joto la nyuzi 25, mita moja ya ujazo ya hewa huweza kubeba mvuke wa gramu 23 hivi, basi. Ikizidi hapo mvuke hugeuka matone. Siku ya masika hewa inayoingia kutoka nje tayari imebeba, tuseme, asilimia 80 ya uwezo wake. Nafasi iliyobaki ni gramu nne na nusu kwa kila mita ya ujazo. Kwa chumba kizima hiyo ni gramu 27, maji yasiyojaza vijiko viwili vya chakula.

Sasa linganisha na yanayobaki baada ya mtu mmoja kuoga. Utando wa maji wenye unene wa moja ya kumi ya milimita, ukitandaa kwenye mita tano za mraba za sakafu na sehemu ya chini ya kuta, ni nusu lita. Ili hewa ya masika iubebe utando huo wote na kuutoa nje, hewa ya chumba inapaswa kubadilishwa yote takriban mara 19, na hapo tumedhani kila inayotoka imeshiba kabisa, jambo ambalo halitokei. Kwenye bafu lenye dirisha lililofungwa na mlango uliobana, kazi hiyo haikamiliki kabla mtu wa pili hajaingia na ndoo yake. Kaya ya watu sita ina maana kwamba ukuta haukauki tangu Machi hadi Mei.

Ukuta usiokauka una wapangaji wake. Kuvu haihitaji dimbwi. Inatosha uso wa ukuta ubaki na unyevu mwingi kwa siku moja au mbili. Chakula chake ni utando wa sabuni, mafuta ya ngozi, vumbi, karatasi iliyofunika bodi za jipsamu darini. Vigae vyenyewe haviliwi, ndiyo maana madoa huanzia kwenye maungio ya vigae na kwenye rangi iliyo juu yake. Pamoja na kuvu huja bakteria watoao harufu ya udongo, ile ile tunayoisikia mvua ya kwanza ikigusa ardhi kavu. Nje tunaifurahia. Bafuni inatuudhi, na pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno, hivyo udi na manukato hushindwa kuifunika.

Na mkaa? Kilosa ni wilaya ya mkaa. Katika miaka ya 2010 baadhi ya vijiji vyake vilikuwa mfano wa nchi katika uvunaji wa mkaa kwa mpango, na si ajabu watu wakauamini hadi bafuni. Mkaa mkavu hunyonya harufu kidogo na unyevu kidogo. Lakini kilo moja hushiba baada ya makumi machache ya gramu, wakati kila anayeoga anaacha nusu lita. Kibakuli nyuma ya mlango hakidhuru mtu, na hakitatui kitu.

Nani alaumiwe

Desemba 2020, katika mji wa Rochdale, Uingereza, alifariki mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, mwana wa familia kutoka Sudan. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alihitimisha kuwa chanzo kilikuwa maradhi ya njia ya hewa yaliyotokana na kuishi muda mrefu kwenye nyumba yenye kuvu. Wazazi walikuwa wamelalamika kwa miaka. Shirika lililowapangisha lilidhani tatizo ni mtindo wao wa maisha, na kuoga kwa ndoo kukatajwa. Baadaye shirika lilikiri kwamba dhana hiyo haikuwa sahihi, na uchunguzi ulionyesha kuwa jiko na bafu havikuwa na njia ya kutosha ya kutoa hewa. Bunge la Uingereza likatunga sheria mwaka 2023 inayowabana wenye nyumba za jamii kushughulikia unyevu na kuvu kwa muda maalumu, na kipengele hicho kikapewa jina la mtoto huyo.

Rochdale ni mbali, na baridi yake si ya Masanze. Kisa chake kinatuhusu kwa sababu lawama ilikwenda mahali pale pale inapokwenda kwetu: kwa anayeoga. Kuoga kwa ndoo ndiko kuoga kwetu. Bafu lililojengwa Kilosa lisiloweza kuvumilia ndoo ya maji limejengewa mtu mwingine. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na kuvu majumbani, halikuweka kipimo cha kuvu kinachoweza kuitwa salama. Lilisema unyevu wenyewe ndio wa kuzuiwa, kwa kuwa wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu hukabiliwa zaidi na kikohozi, kubanwa kifua na pumu.

Mwenye nyumba ana hoja yake, na haifai kupuuzwa. Wapo wapangaji wanaoacha nguo zimelowekwa siku tatu, wanaofungia taulo bichi, wanaotupa nywele kwenye tundu la maji. Utando wa sabuni usiosuguliwa ni chakula cha kuvu, hilo ni kweli. Lakini jaribio ni rahisi: nyumba ya vyumba kumi vyenye mabafu kumi, wapangaji kumi wa tabia tofauti, na uvundo uko kwenye mabafu yote yaliyo upande mmoja wa jengo. Hapo tabia imeshatoka kwenye kesi.

Si kila harufu hutoka hewani

Kabla ya kutoboa ukuta ni vizuri kujua adui yuko wapi. Kata kipande cha nailoni cha sentimita 30 kila upande, kibandike ukutani kwa solotepu pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa chumbani, unyevu unatoka hewani, na dawa yake ni hewa. Yakitokea nyuma ya nailoni, upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta: bomba linalovuja, au ardhi.

Ardhi ya mabonde ya Kilosa ina maji mengi. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 Mto Mkondoa ulifurika ukavunja tuta, na maelfu ya watu wakahama makazi yao. Mafuriko ni sura yake ya kutisha. Sura ya kimya ni maji yanayopanda polepole kutoka msingini, kwa sababu tofali la kuchoma lina vijitundu vinavyofyonza maji. Kinachopaswa kuyazuia ni karatasi nzito ya nailoni inayolazwa juu ya msingi kabla ya kupandisha ukuta. Nailoni hiyo ni miongoni mwa vitu vya kwanza kurukwa bajeti ikibana, kwani nyumba ikiisha haionekani. Dalili yake huja baadaye: rangi inababuka chini ya ukuta hadi kimo cha goti au kiuno, na unga mweupe wa chumvi unatoka kwenye plasta. Kupaka rangi ya mafuta juu yake ni kuyafungia maji ndani. Yatapanda zaidi kutafuta pa kutokea.

Harufu ikiwa ya mayai viza, acha ukuta, tazama mabomba. Chini ya sinki na chini ya tundu la sakafuni panatakiwa bomba lililopinda, linaloshika maji ya kina cha sentimita tano hivi. Maji hayo ndiyo mlango unaozuia gesi ya shimoni isipande. Bafu la wageni lisilotumika wiki kadhaa hukaukiwa mlango huo. Mwaga jagi moja la maji, na harufu ikikata umepata jibu. Kuna kisa kibaya zaidi: fundi aliyeunganisha bomba lililonyooka moja kwa moja hadi kwenye karo, au aliyeacha kuweka bomba la hewa. Bila bomba la hewa, ndoo nzima ikimwagwa sinkini kwa mkupuo huvuta na yale maji ya kizuizi, na shimo linabaki wazi kwa nyumba. Mara nyingine bomba la hewa lipo lakini limekatwa chini ya bati ili lisiharibu sura ya paa. Paa limependeza, na gesi inaishia darini.

> Maji ya kina cha sentimita tano ndiyo mlango kati ya shimo na chumba cha kulala.

Wezi, mbu na sitara

Ukimwambia mtu afungue ukuta wa bafu, atakujibu kwa mambo matatu, na yote yana uzito. La kwanza ni wezi na macho ya watu. Bafu ni mahali pa sitara, na dirisha kubwa linalotazama njia halikubaliki. Lakini hewa haihitaji dirisha la kuchungulia. Inahitaji matundu mawili: moja chini, moja juu kabisa, karibu na dari, upande wa pili ikiwezekana. Hewa haiingii mahali ambapo haina pa kutokea, na hili ndilo kosa la dirisha moja lenye mlango uliobana. Safu ya vitofali vya matundu chini ya lenta ya juu haimpitishi mtoto, achilia mbali mwizi. Upande wa chini, kupunguza mlango kwa sentimita mbili kunatosha kuanza.

La pili ni mbu, na mtu wa Kilosa hawezi kufanyiwa mzaha kuhusu malaria. Wavu unatakiwa, ila ujue wavu hupunguza upepo, na ukijaa vumbi na utando huupunguza zaidi. Basi tundu lenye wavu liwe kubwa zaidi ya lisilo na wavu, na lisuguliwe kwa brashi. Pia mbu wengi wanaosumbua bafuni hawakuja dirishani. Mbu wa kuleksi, wale wa makelele ya usiku, huzaliana kwenye maji machafu ya mashimo na makaro. Huko Makunduchi, Zanzibar, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walifunika maji ya mashimo ya vyoo kwa chembe za plastiki nyepesi zinazoelea, na mbu hao wakapungua mno. Mfuniko wa karo uliopasuka ni mlango mkubwa kuliko dirisha lolote.

La tatu ni fedha. Feni ya kutoa hewa hutajwa kama dawa ya matajiri, ingawa ile ya wati 20 ikiwashwa saa mbili kila siku hula uniti moja na kidogo kwa mwezi. Udhaifu wake uko kwingine: umeme ukikatika inalala, na mafundi wengi huielekeza ipulize darini badala ya nje, hivyo unyevu unahamishiwa kwenye mbao za paa. Kwa nyumba nyingi za Masanze mpira wa kupangusia maji wenye mpini ni wa kwanza kununuliwa. Rudi kwenye hesabu: aliyeoga akisukuma maji tisa ya kumi kwenye tundu kabla ya kutoka, hewa haihitaji tena kubadilika mara 19, mara mbili zinatosha. Hiki ndicho kipande cha usafi ninachokikubali bila masharti, na kiwe kazi ya kila aogaye, baba akiwemo.

Mpira huo utafichua na kosa jingine. Sakafu inapaswa kushuka sentimita mbili hivi kwa kila mita kuelekea tundu. Mwaga kikombe cha maji nyuma ya mlango. Yakisimama pale pale, fundi alilaza vigae kwa macho.

Kazi ya kiangazi

Madoa yaliyopo lazima yaondolewe, na hapa tahadhari ni moja: dawa ya klorini isichanganywe kamwe na siki wala na dawa ya kusafishia sinki yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na chumba chenyewe hakina hewa. Kwenye vigae klorini hufanya kazi vizuri. Kwenye plasta husafisha uso tu, kuvu iliyozama ikabaki, na baada ya wiki chache madoa yanarudi pale pale. Plasta iliyooza hubanduliwa.

Juu ya vigae, badala ya rangi ya mafuta, chokaa ya kupaka ina faida ambayo wazee wa pwani waliijua kwa kuitumia: ukali wake huizuia kuvu kuota, na huuacha ukuta upumue. Ukali huo hupungua kadiri chokaa inavyokaa, kwa hiyo hupakwa upya kila mwaka. Bei yake ni ndogo kiasi kwamba mafundi wa rangi hawapendi kuitaja.

Kinachobaki ni kuchagua wakati. Kanuni ya zamani ya waashi ni kwamba ukuta uliolowa hukauka karibu inchi moja kwa mwezi, na ukuta wa tofali moja la kuchoma una inchi tano hivi. Anayebandua plasta mwezi Machi anaukaribishia ukuta mvua. Anayeibandua mwanzoni mwa Juni, akatengeneza bomba, akatoboa matundu ya juu na ya chini kisha akauacha ukuta uchi, atakuwa na ukuta mkavu mwishoni mwa Oktoba, na atapaka chokaa kabla vuli haijafika. Kwa miezi hiyo mitano familia itaogea uani.